Kisanduku cha mipira ya atomu: maji kinayajua, chumvi hakiijui

Mimi si mwalimu. Ni fundi umeme wa magari, banda langu liko Majengo hapa Moshi, na Kemia ya kidato cha nne nilipata F iliyonyooka. Nikaenda ufundi, na tangu siku hiyo kemikali zangu ni mbili tu, asidi ya betri na grisi. Haya basi ni maoni ya mtu aliyetoa shilingi 45,000 mfukoni mwake, na ambaye amekaa na hicho kisanduku wiki tatu, zaidi ya alivyokusudia.

Mwenye shida hasa ni mpwa wangu, binti wa dada yangu wa Rombo. Anakaa kwangu, yuko kidato cha pili, na wameingia kwenye mada ya bondi, yaani atomu zinavyoshikana, ya ioni na ya kovalenti. Daftari limejaa vidoti na vimsalaba. Akaniambia, "Mjomba, mimi hapa naona nukta tu. Wenzangu wana vile vimipira vya kuchomeka, wao wanaelewa." Jumamosi nikashuka mjini, duka la vifaa vya shule si mbali na stendi. Muuzaji akaanzia 60,000, tukavutana, tukaishia hapo niliposema.

Ndani kuna mipira 12 myeusi ya kaboni, 20 myeupe ya haidrojeni, 12 myekundu ya oksijeni, minne ya bluu ya naitrojeni, minne ya kijani ya klorini, na minne ya kijivu ambayo kijitabu kinaiita metali basi, bila jina. Vijiti ni vya aina mbili, vifupi vigumu na virefu vinavyopinda. Boksi linabana vizuri, hata likianguka mipira haimwagiki. Vijiti vifupi vinapasuka ukivichomoa kwa pupa. Vyetu vimekufa vitano. Kijitabu kina kurasa nane, na Kiingereza chake kinachechemea.

Rangi zenyewe hazikubuniwa na kiwanda hiki. Mwaka 1865 Mjerumani August Wilhelm Hofmann, akihutubia watu London, alichukua mipira ya mbao ya mchezo wa kroketi, akaipaka rangi na kuiunganisha kwa fimbo. Kaboni nyeusi, haidrojeni nyeupe, oksijeni nyekundu, naitrojeni ya bluu, klorini ya kijani. Ndizo hizi hizi zilizofika Moshi. Ila molekuli za Hofmann zilikuwa bapa, kaboni imenyoosha mikono minne kama msalaba ulioangushwa mezani. Hiki kisanduku kimetoboa matundu inavyotakiwa: ukichomeka vijiti vinne kwenye mpira mweusi unasimama kwa miguu mitatu kama kigoda, na wa nne unaelekea juu. Pembe kati ya kijiti na kijiti ni nyuzi 109.5. Kwenye maji, pembe ya haidrojeni mbili juu ya oksijeni ni 104.5, na nilipoipima kwa protrakta ya mtoto nikapata 105. Kwa plastiki ya bei hii, heshima.

Upande huo sina neno. Tulijenga gesi ya mtungi wa jikoni, propani yenye kaboni tatu na butani yenye nne, akaona mwenyewe kwa nini zinaitwa ndugu. Tukajenga kabonidayoksaidi kwa vijiti vinavyopinda, viwili viwili kila upande. Akajenga na pombe: kaboni mbili, haidrojeni sita, oksijeni moja, ile ile iliyomo kwenye mbege. Nikamwambia aibomoe kabla mama yake hajapiga simu ya video. Sukari ndiyo iliyotuumbua. Molekuli moja ya sukari ya mezani inataka kaboni 12, oksijeni 11 na haidrojeni 22, na sisi tuna nyeupe 20. Tulimalizia na mbaazi mbili na njiti za meno.

Kijiti maana yake nini? Kijitabu kinasema "bondi", basi. Mimi nilimwelezea kwa bajaji. Pale nje ya banda huegesha vijana wawili, kila mmoja alitoa nusu ya fedha, bajaji ni moja. Hakuna anayeweza kuondoka nayo kwenda Himo akamwacha mwenzake, na kwa sababu hiyo hawaachani. Kovalenti ndivyo ilivyo. Kila atomu inatoa elektroni moja, ile chembe yake ndogo yenye chaji hasi, zinakuwa jozi, jozi inakaa katikati, viini viwili vyote vinaivuta kila kimoja kwake, na mvutano huo wa pande mbili ndio unaozishika pamoja. Kijiti kimoja, jozi moja. Vijiti viwili, jozi mbili. Mmarekani Gilbert Lewis ndiye aliyelitoa wazo hilo la jozi ya ubia mwaka 1916, na vile vidoti vya daftarini ni vyake.

Mtoto akauliza, "Na kama mmoja ndiye analala nayo?" Nilicheka, maana kweli, yule mrefu ndiye hulala na bajaji kwake. Maji ndivyo yalivyo. Kwenye kipimo alichoanzisha Linus Pauling mwaka 1932 cha nguvu ya atomu kuvuta elektroni, oksijeni ina 3.44 na haidrojeni 2.20. Ubia upo, lakini jozi inashinda zaidi upande wa oksijeni, hivyo oksijeni inakuwa hasi kidogo na haidrojeni chanya kidogo. Kijiti cha plastiki hakisemi nani analala na bajaji. Hilo nimelisamehe. Lililofuata sikulisamehe.

Ukurasa wa sita wa kijitabu una picha: mpira wa kijivu, kijiti kifupi, mpira wa kijani. Chini imeandikwa kwamba hiyo ni chumvi ya mezani. Mpwa wangu akaiunda, akaiweka dirishani, akaizoea. Kwenye jaribio akaulizwa aonyeshe bondi iliyomo kwenye sodiamu kloridi, akachora vile vile, viduara viwili na mstari katikati. Mwalimu akampiga mkasi. Alikuja nyumbani na uso wa mtu aliyeibiwa, nami nikaenda kusoma daftari lake usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu nimalize shule.

Mwalimu alikuwa na haki. Sodiamu ina elektroni 11, zimejipanga 2, 8, 1. Klorini ina 17: 2, 8, 7. Hapa hakuna ubia. Sodiamu inaiachia ile moja ya nje, klorini inaichukua, kila mmoja anabaki na nane kwenye duara la nje. Sodiamu iliyopungukiwa elektroni inakuwa ioni chanya, yaani atomu yenye chaji, klorini iliyoongezewa inakuwa ioni hasi, na chanya na hasi zinavutana. Mfano wangu wa bajaji unaishia hapo, maana aliyeuza bajaji na aliyeinunua hawana haja ya kushikana mikono milele, ila hizi ioni zinashikana.

Tena hazishikani wawili wawili, na hapo ndipo kijiti kinapodanganya. Mvuto wa chaji hauna tundu. Ioni chanya inavuta kila hasi iliyo karibu, kushoto, kulia, mbele, nyuma, juu na chini. Kwenye punje ya chumvi kila sodiamu imezungukwa na klorini sita, na kila klorini na sodiamu sita, na ukiuliza sodiamu hii ni ya klorini ipi, hakuna wa kukujibu. Ile NaCl ni hesabu ya uwiano tu, moja kwa moja. Molekuli ya chumvi haimo ndani ya punje hata ukitafuta na tochi.

Kisanduku hakiwezi kuonyesha hilo, maana mpira wa kijivu una tundu moja. Tukakiacha, tukachukua ubao wa drafti wa bandani. Kete zetu ni visoda, upande mmoja wanacheza vilivyolala, mwingine vilivyopinduliwa. Nikamtuma kwa jirani mwenye friji, akarudi na mfuko mzima. Tukajaza nyumba zote 64: kilicholala ni sodiamu, kilichopinduliwa ni klorini, kimoja kwa kimoja kwenda na kurudi. Nikamwambia aweke kidole kwenye kisoda chochote cha katikati ahesabu majirani wa ubavuni. Wanne, wote wa aina nyingine. Sasa fikiria ubao mwingine juu yake na mwingine chini, umepangwa kinyume. Ndio sita.

Halafu nikaweka rula pembeni ya mstari mmoja, nikausukuma nyumba moja tu. Angalia, mstari mzima aliyelala sasa anatazamana na aliyelala, aliyepinduliwa na aliyepinduliwa. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, zinasukumana. Mtoto akasema kabla sijamaliza: "Itapasuka." Akakimbia jikoni akaleta bonge la chumvi ya mawe, tukaligonga na bisibisi. Halikubonyea kama risasi ya betri inavyobonyea. Lilipasuka, na pale lilipopasukia palikuwa bapa, panang'aa kama kioo. Nimegonga vitu vingi maishani, sikuwahi kuangalia chumvi inavyopasuka.

Sura hiyo ya ubao wa drafti si mimi niliyeigundua. Mwaka 1913 William Lawrence Bragg na baba yake, Waingereza, waliionyesha kwa kupitisha eksirei kwenye fuwele za chumvi, na mwaka 1915 wakapewa Nobel. Kijana alikuwa na miaka 25. Wapo waliokasirika. Mwaka 1927 mkemia mzee Henry Armstrong aliandika kwenye jarida la Nature akiitetea chumvi dhidi ya ubao huo wa sataranji, haukumwingia akilini kabisa. Kwa hiyo binti yangu asijione mjinga. Kuna profesa aliyegoma kuachana na kijiti.

Jumamosi iliyofuata tukahamia kwenye ninachokijua. Nilivunja betri mbili kuukuu za tochi nikatoa vile vijiti vyeusi vya katikati, nikavifunga waya, betri ya gari ya volti 12 upande mmoja, na njiani nikaweka taa ndogo ya LED ya dashibodi. Kikombe cha kwanza, chumvi kavu. Giza. Alishangaa, alitegemea iwake kwa kuwa "ina chaji". Chaji zipo, ila kila moja imebanwa kwenye nafasi yake, na umeme ni chaji inayotembea. Tukamimina maji tukakoroga. Taa ikawaka, mapovu yakaanza kwenye vijiti, na harufu ikatoka kama ya dawa ya kufulia nguo nyeupe. Hiyo ni klorini, gesi ya sumu. Mkijaribu fanyeni nje, nusu dakika, mzime. Mimi nilifanya ndani ya banda, na fundi mwenzangu alitoka anakohoa na kututaja mpaka babu.

Kikombe cha pili, sukari ya TPC, vijiko vitatu, maji ya bomba. Taa ikawaka. Kwa aibu, lakini ikawaka. "Mjomba! Sukari nayo ni ya ioni!"

Hapa ndipo F yangu ilipotaka kurudi. Lakini umeme ukipita pasipotakiwa, fundi hambadilishii mteja nadharia, anatafuta nani kaupitisha. Tukamwaga, tukaosha, tukaweka maji ya bomba matupu bila sukari. Ikawaka vile vile. Basi aliyeleta ioni ni maji yenyewe, yametoka mlimani yamepita kwenye mawe, yamebeba madini. Nikafungua chupa ya maji ya betri, yale yaliyochujwa kila kitu. Giza. Sukari vijiko vitatu ndani yake, koroga mpaka ipotee. Giza totoro. Sukari imetawanyika, lakini kila molekuli imebaki nzima na mipira yake 45, haina chaji ya kutembeza.

Lugha yetu nayo ina mkono wake hapa. Barafu inayeyuka, sukari kwenye chai inayeyuka, chumvi kwenye mchuzi inayeyuka, neno moja kwa mambo matatu. Barafu inabaki maji, molekuli zake zimelegeana tu. Sukari inaachana molekuli kwa molekuli. Chumvi inasambaratika ioni kwa ioni, sodiamu huku, klorini kule, kila moja imezungukwa na maji. Ukimwambia mtoto "zote zimeyeyuka" umemficha tofauti anayoulizwa kwenye mtihani.

Nikaona nimfundishe na lililonisumbua mimi. Daftari linasema vitu vya kovalenti havipitishi umeme. Sawa, na asidi ya betri je? Ndani ya molekuli yake salfa, oksijeni na haidrojeni zimeunganishwa kwa ubia, na mimi ninaishi kwa sababu maji yake yanapitisha umeme. Jibu nililipata kwa mwalimu wake, nilimpigia: asidi ikiingia majini inayakabidhi maji haidrojeni zake bila elektroni, ioni zinazaliwa hapo hapo. Kwa hiyo usimuulize mtu alikuwa nani kwenye chupa, muulize amekuwa nani majini. Hili kijitabu hakina, na sidhani mpira wowote ungelionyesha.

Joto nalo tulilipitia haraka. Sukari kwenye kijiko juu ya jiko la gesi ilianza kuwa kahawia mara moja. Chumvi ilirukaruka na kutatarika tu, maana inataka nyuzi 801 ndipo igeuke kimiminika. Mpwa wangu akahitimisha kwamba kovalenti ni dhaifu. Nikamzuia, nikawasha mshumaa. Nta inayotiririka ni nta ile ile, ikipoa inaganda tena, hakuna kijiti hata kimoja kilichovunjika. Kilichoachia ni mshiko hafifu wa molekuli moja na jirani yake. Vijiti vinavunjika kwenye mwali. Na mchanga wa Mto Karanga, ambao sehemu yake kubwa kabisa ni silikoni na oksijeni zilizoshikana kwa ubia bila mwisho, unapita chumvi mbali kwa kuhimili moto. Almasi vile vile, kaboni tupu, mipira myeusi mitupu ya kisanduku hiki. Hiyo tuliijenga, ikatoka kipande kizuri cha mipira kumi.

Aliyetufunga mabao ni magadi. Dada alikuja kutoka Rombo akapika kiburu, na mtoto akashika kipande cha magadi ya Natron akaniuliza, hii ni bondi gani? Sehemu kubwa ya magadi ni sodiamu kabonati. Tulichukua kaboni moja nyeusi, tukazunguka na oksijeni tatu, kijiti kwa kijiti, huo ni ubia mtupu. Lakini lile kundi zima la wanne limebeba elektroni mbili za ziada, na zimetoka kwa sodiamu mbili ambazo hazimo kwenye kijiti chochote, zimekaa pembeni zinavutwa. Bondi zote mbili kwenye kipande kimoja. Ukikitia kwenye sufuria ya maharage, sodiamu zinaondoka zake, kabonati inabaki na oksijeni zake tatu. Alitumia mipira minne na visoda viwili, akapiga picha, akampelekea mwalimu.

Kwa anayeuliza kama anunue: nunua, kwa kovalenti hakina mpinzani kwa bei hiyo, ila usilipe zaidi ya 45,000, na kagua haidrojeni kabla hujatoka dukani. Nyota tatu. Ile ya nne nilimnyima kwa sababu ya ukurasa wa sita. Nilirudi dukani nikamwonyesha muuzaji, akanijibu kwamba yeye anauza tu, hakuichapa yeye, na hapo pia ana haki. Ukurasa nimeuchana. Mipira ya kijivu na ya kijani imewekwa kwenye mfuko wake, na mtoto ameandika juu kwa kalamu nyekundu: HAINA KIJITI.

Kuna hasara moja ambayo si ya kisanduku. Ubao wa drafti bado umejaa visoda 64, na mitihani ni Novemba. Jana mteja wa Noah alikaa kwenye benchi akisubiri nimalize alternata yake, akanyoosha mkono atenge kete tucheze. Binti akamwambia, "Shikamoo baba, hiyo usiguse, ni chumvi." Mzee akaitikia marahaba, akaangalia ubao, akaniangalia mimi.

Nikamwambia atoe simu, drafti imo humo.